Ardhi ya Umma, Faini ya Nani?

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu huko Buguruni, Dar es Salaam, mbele ya walimu na watumishi wa umma. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya ukurasa huu.)



Nilipoombwa kuja kuzungumza nanyi niliambiwa nichague mada yoyote, mradi ihusu maisha ya hapa tulipo. Nimechagua kipande cha ardhi chenye upana wa meza moja. Kiko hapa hapa Buguruni, kando ya barabara, hatua chache kutoka sokoni, na mama mmoja ninayemfahamu amekaanga mihogo mahali hapo kwa miaka mingi. Jina lake sitalitaja, wala sitazitaja ofisi zilizohusika, kwa kuwa sikuja kumshitaki mtu. Nimekuja kueleza jinsi watu wazima watatu, mmoja wao akiwa na shahada ya Chuo Kikuu, walivyoshindwa kujua kama mama huyo anavunja sheria au havunji.

Asubuhi moja alipita mtoza ushuru, akapokea Shilingi 500, akampa risiti. Kabla ya adhuhuri wakafika mgambo wa mamlaka nyingine. Wakamwambia amevamia hifadhi ya barabara. Wakachukua jiko, karai na beseni la mihogo iliyokwisha kumenywa, wakamwandikia faini ya Shilingi 50,000. Risiti ya asubuhi na hati ya mchana zina tarehe moja. Kwa hiyo siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo, umma ulimtambua mama huyu kama mlipa ushuru na ukamtambua tena kama mvamizi.

Mwenzetu wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu, jirani yetu, ambaye kwa miaka mingi ndiye anayewasomea majirani barua zao za Serikali. Tuliongozana sote watatu kwenda kuuliza. Ofisi ya kwanza ikatuambia barabara ile si yao. Ofisi ya pili ikakubali kwamba barabara ni yao, lakini ikasema kwamba ng'ambo ya mtaro mambo yote ni ya halmashauri. Ofisi ya tatu ikatoa ramani ya mipango miji, ikaitandaza juu ya meza, na kijana mmoja mpole akaweka kidole mahali penye karai la mihogo, akasema: hapa ni eneo la wazi. Tukatoka tukiwa na majina matatu ya mahali pamoja: eneo la soko, hifadhi ya barabara, na eneo la wazi. Kila jina lina sheria yake, ofisi yake na faini yake.

Naomba tusiharakishe kucheka. Maofisa wale hawakuwa wajinga wala hawakutudharau, na kila mmoja alisema kweli kwa mujibu wa jalada lililokuwa mbele yake. Kasoro ni kwamba majalada hayakai chumba kimoja, na mwananchi ndiye anayelazimika kuyapatanisha kwa miguu yake.

Ndugu zangu, tuanze na neno lenyewe, ardhi ya umma. Katika nchi nyingi maneno hayo yana maana ya sehemu tu ya nchi, ile iliyobaki baada ya watu kugawana. Kwetu sivyo. Waingereza kwa sheria yao ya mwaka 1923 walitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma na kuiweka chini ya Gavana. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika makala yake juu ya mali ya taifa, akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kununuliwa na kuuzwa. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele uliorithiwa kutoka kwa wakoloni ukafutwa. Na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Kwa hiyo mtu anapoambiwa, "Ondoka, hii ni ardhi ya umma," ameambiwa jambo lililo kweli kwa kila inchi ya nchi hii, pamoja na sakafu ya ofisi ya huyo anayemwondoa. Bado hajaambiwa lolote la kumsaidia.

Sheria hiyo imeigawa ardhi katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Na hapa kuna jambo ambalo lilinishangaza nilipolisoma. Katika fungu la ardhi ya hifadhi zimo mbuga za taifa, imo misitu, limo eneo la Ngorongoro, na zimo pia hifadhi za barabara na viwanja vya wazi vya mijini. Yaani kipande anapokaangia mihogo mama yetu, kama kweli ni hifadhi ya barabara, kimo katika fungu moja la sheria pamoja na Serengeti.

Sasa linganisheni. Mgeni anayetaka kupiga kambi Serengeti hukuta lango. Langoni ana mtu wa kumuuliza, na viwango vya malipo vimetangazwa: kiingilio ni kiasi gani, kulala usiku mmoja katika kambi ya kawaida ni kiasi gani, na katika kambi maalumu ni kiasi gani. Hulipa, hupewa stakabadhi, huelezwa mahali pa kusimika hema na mahali asipopaswa kukanyaga. Yote hayo huyajua kabla hajashusha mzigo. Mwananchi wa Buguruni hana lango, na ramani hajapata kuiona. Sheria huijua siku inapomchukulia karai. Mimi siwaonei wivu wageni wetu kwa utaratibu mzuri wanaoupata mbugani; nauliza tu kwa nini utaratibu ule usifike kwa Mnyamani.

Au tazameni suala la vipimo. Kwa barabara kuu na za mikoa, hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zikaifanya kuwa mita 30. Ndipo zikazaliwa X mbili tunazoziona ukutani. X nyekundu ni ya yule aliyeifuata barabara. Huyo abomoe mwenyewe, hana fidia. X ya kijani ni ya yule aliyefuatwa na barabara. Huyo anastahili kulipwa kabla ya kuondoka. Ni tofauti ya haki kabisa, na ninaisifu. Lakini ulizeni katika mtaa wowote ni wangapi wanaoijua, na wangapi waliokimbia X ya kijani wakidhani rangi zote ni hukumu moja. Halafu kuna Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na mita zake 60 kutoka kingo za mto, ambayo wenzetu wa bonde la Msimbazi wameijua kwa machozi. Kuna hifadhi ya reli, nayo reli inatupitia hapa hapa. Kuna barabara za TANROADS, chombo kilichoanzishwa mwaka 2000, na barabara za TARURA, chombo cha mwaka 2017, na mtembea kwa miguu akivuka kutoka moja hadi nyingine haoni hata mstari wa chokaa.

Hapo sijagusa biashara ndogondogo zenyewe, ambazo zina historia yake. Sheria ya leseni za biashara ni ya mwaka 1972. Mwaka 1976 kulikuwa na Operesheni Kupe ya kuwaondoa mjini wasio na kazi. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na pamoja nayo leseni ya wafanyabiashara wadogo iliyobeba jina hilo hilo. Leseni hiyo ikafutwa mwaka 2003. Mwaka 2006 wauzaji wakaondolewa mitaani, kisha likajengwa jengo kubwa la Machinga pale Karume, ambalo vizimba vyake vingi vilikaa vitupu kwa miaka, kwa sababu mnunuzi wa soksi hapandi ghorofa kuzitafuta. Desemba 2016 Rais Magufuli aliagiza machinga wasiondolewe kabla ya kutengewa maeneo. Desemba 2018 vikatolewa vitambulisho kwa Shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi Shilingi milioni 4, ili wasisumbuliwe tena kwa tozo ndogondogo. Oktoba 2021 vibanda vikaondolewa Kariakoo na kandokando ya barabara za jiji, na watu wakaelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa.

Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na sijasimama hapa kuamua ipi ilikuwa bora kuliko nyingine. Lakini mjiweke mahali pa mama yule. Kitambulisho chake cha Shilingi 20,000 anacho mpaka leo, kimefungwa katika leso pamoja na risiti. Alipowaonyesha mgambo, mmoja alikitazama kama mtu anavyotazama stempu ya zamani. Hakuna aliyepata kumwandikia kwamba kitambulisho kile kimekoma kumlinda. Amri ya kuanza ilimfikia kwa redio, kwa kipaza sauti na kwa mjumbe wa nyumba kumi. Ile ya kukoma aliisikia kwa kuchukuliwa karai.

Kuna wakati huwa najiuliza kama mji huu umesahau ulivyozaliwa. Kariakoo, mnajua, ni jina la kambi. Waingereza walipouteka mji huu mwezi Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa katika uwanja ule na katika jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na Waswahili wakakitamka walivyoweza. Soko kubwa tunalolijua, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 juu ya jina hilo la wapagazi waliolala chini katika uwanja wa umma. Wapagazi wale hawakuomba kibali cha kulala pale, nao waliowaweka ndio waliokuwa Serikali.

Sasa niseme upande wa pili, maana nisipousema mtaniona mtetezi wa vurugu. Hapa Buguruni tuna shule ya watoto viziwi. Baadhi yenu mnafundisha huko au mna jamaa wanaofundisha huko. Njia ya waenda kwa miguu inapojazwa meza, mitumba na majiko, mtoto mwenye kusikia hushuka barabarani na husikia honi. Mtoto kiziwi hushuka barabarani na hasikii kitu. Nimesimama asubuhi nikawatazama wakipita, wameshikana mikono, mkubwa akigeuza shingo kila baada ya hatua tatu kutazama nyuma. Kwa ajili ya mtoto yule ninataka sheria ya hifadhi ya barabara iwepo na itekelezwe kwa ukali unaostahili. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mmoja wetu wajibu wa kulinda mali ya umma, na njia ya waenda kwa miguu ni mali ya umma kama ilivyo zahanati. Mama yetu wa mihogo nilipomweleza habari za watoto wale hakubisha hata kidogo. Alisema, "Mwanangu, waje wanichoree mstari. Nitakaa nyuma ya mstari." Ombi lake lote ni hilo, mstari. Na mstari uliochorwa ungewalinda watoto wale vizuri kuliko operesheni ya siku tatu inayosahauliwa siku ya nne.

Nitasema zaidi kidogo juu ya faini, kwa sababu hapo ndipo penye uchungu. Sheria ndogo za mamlaka za miji hutungwa chini ya Sheria Namba 8 ya mwaka 1982. Hazitungwi kwa mkato. Wakazi hutakiwa kutangaziwa kusudio ili walete maoni au pingamizi, Waziri huidhinisha, na hatimaye huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Anayezivunja hupelekwa mahakamani, au, kama anakiri, anaweza kufifilishiwa kosa. Neno hilo, kufifilisha, limo katika sheria ndogo nyingi na wachache mno wanalielewa. Maana yake ni kwamba mkosaji anakubali kwa maandishi kuwa ametenda kosa, analipa kiasi kilichopangwa, na shauri linaishia hapo bila kufika kwa hakimu.

Mama yetu alitia sahihi. Nilipomuuliza alidhani anatia sahihi ya nini, alijibu kwamba ya kupokea karatasi. Kumbe alikuwa amekiri kosa, na kwa kukiri amejifungia mlango wa kuuliza mbele ya hakimu kama kweli pale palikuwa hifadhi ya barabara. Karatasi ile haikutaja sheria ndogo gani, wala kifungu gani, wala mita ngapi. Ilikuwa na kiasi, tarehe na mahali pa sahihi. Katiba yetu, katika ibara ya 13, inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Kukiri jambo usilolijua ni kukiri kwa namna gani?

Najua mtanikumbusha kwamba kutojua sheria si kinga. Ni kweli, na Kanuni ya Adhabu inasema hivyo. Lakini kanuni hiyo inamtaka mwananchi aijue sheria, na haiwezi kumtaka aijue kama hakuna mahali pa kuisomea. Nakala tuliyopewa ofisi ya tatu ilikuwa ya Kiingereza. Mimi niliyesoma hadi Chuo Kikuu niliirudia mara mbili na bado sikujua kama neno lililotumika pale lilikuwa na maana ya kibanda kilichojengwa au na meza inayobebwa jioni. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua ile ilikuwa kubwa, na walimu wa Kiswahili mliomo humu mna haki ya kujivunia. Lakini lugha haiingii yenyewe katika majalada ya kabati. Lazima mtu akae, atafsiri, achape.

Wala tusidhani kwamba utata huu ni wa nchi maskini peke yake. Katika mji mdogo wa Grants Pass, jimbo la Oregon, Marekani, watu wasio na makazi walikuwa wakitozwa faini ya dola 295 kwa kulala katika bustani za umma. Sheria za mji ule zilikataza kupiga kambi, na zikaeleza kambi kwa upana kiasi kwamba blanketi lililotandikwa ili mtu alalie lilitosha kuwa kambi. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya nchi yao, na mwezi Juni 2024 majaji walio wengi waliamua kwamba mji una uwezo wa kutoza faini hizo. Uamuzi huo ni wao. Nimeutaja kwa sababu ya blanketi. Pale ambapo neno moja la sheria linaamua kama mtu amelala au amepiga kambi, huyo mtu alistahili kulijua neno hilo kabla ya usiku kuingia. Kwetu ni vivyo hivyo kwa machinga. Akitembea na bidhaa begani hana neno na mtu. Akizishusha apumzike, baada ya dakika ngapi anakuwa amemiliki ardhi? Nimewauliza mgambo wawili swali hilo. Mmoja alisema mara moja tu. Mwingine alisema inategemea.

Neno hilo, "inategemea," ndilo linalofungua mlango wa rushwa. Kanuni ikiwa wazi, mgambo hana cha kuuza, maana anayetozwa anaisoma kama anavyoisoma anayetoza. Kanuni ikitegemea, basi inategemea kitu, na wote tunajua mara nyingi ni kitu gani. Malipo ya Serikali leo yana namba yake, ile ambayo mitaani huitwa kontroo namba. Hati yoyote ya faini isiyokuwa na namba hiyo ingepaswa kumshtua kila mtumishi wa umma anayeiona, hata kama haimhusu.

Kwa nini ninayaeleza haya kwenu badala ya kuyaeleza sokoni? Kwa sababu majalada yale yanaandikwa na watu kama ninyi, na barua zile zinasomwa na watu kama mwalimu mstaafu aliyeongozana nami. Hakuna ninaloomba linalohitaji fedha za wafadhili. Ofisi ya serikali ya mtaa ina ubao wa matangazo. Siku niliyopita ubao ule ulikuwa na tangazo la chanjo na tangazo la mtu aliyepotelewa na vyeti. Panatosha ramani moja ya mtaa, yenye rangi: hapa TANROADS, hapa TARURA, hapa reli, hapa soko, hapa pa wazi. Panatosha karatasi moja ya Kiswahili yenye kutaja sheria ndogo, kifungu, kiwango cha faini na mahali pa kupinga. Na vile vibao vyenye maandishi "Marufuku kufanya biashara hapa, kwa amri," viongezewe mstari mmoja wa kusema amri ya nani, ya mwaka gani. Mwalimu yeyote wa darasa la sita akipewa karatasi hiyo anaweza kuifanya somo la uraia kwa dakika arobaini, na watoto wataipeleka nyumbani haraka kuliko gari la matangazo.

Mtauliza mama alifikia wapi. Alilipa. Alikopa kwa wenzake wa upatu, akalipa, akapewa jiko na karai. Mihogo ilikwisha kuharibika. Kesho yake akarudi pale pale, kwa kuwa hakuna aliyemwambia pengine pa kwenda. Mtoza ushuru alipita kama kawaida, akapokea Shilingi 500.

Karatasi zake ameniazima. Ninazo hapa, ile ya asubuhi na ile ya mchana, pamoja na risiti ya kesho yake. Naomba zipite kwa mkono kutoka meza hadi meza, kila mmoja asome tarehe, na ambaye ofisi yake inazitambua aniambie. Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.